Shangazi, tupige hema wapi msituni na mama mkwe hataki hata kusikia?

Assalaam alaykum Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto 3, nakaa Maweni hapa Malindi, nakuandikia usiku huu watoto wamelala manake mchana sipati nafasi, na hili jambo limeanza kututia maneno nyumbani ilhali lilitakiwa liwe raha.

Iko hivi. Likizo ya Agosti baba watoto na ndugu yake anayekaa Mombasa wamepanga twende tukalale msitu wa Arabuko-Sokoke usiku mbili, sisi sote, yaani mimi na mume wangu na watoto wetu (miaka 11, 9 na 4), shemeji na mkewe na kijana wao wa miaka 14, na mama mkwe ambaye ana miaka 71. Jumla watu 9. Wazo mimi nalipenda sana, watoto wangu wamezaliwa hapa hapa na huo msitu wanauona kwa dirisha la matatu tu tukienda Mombasa, huyu wa miaka 9 kila tukipita aniuliza mama ndani mna nini na mimi sina la kumjibu.

Shida ni mahali. Shemeji yuwasema lazima tuingie ndani kabisa, upande wa udongo mwekundu kule kuelekea Nyari, ameona picha ya mtu kapiga hema juu ya mwamba na jua linazama, na ataka kumuona yule bundi mdogo. Yuwasema ukilala karibu na lango la Gede ni kama kulala stendi, malori yanapita usiku kucha. Yeye ana Land Cruiser, sisi tuna Probox. Baba watoto naye ataka twende kwa plot ya mtu kule Mida, kuna vibanda na unaona hori, yuwasema hapo hata samaki twanunua hapo hapo. Mimi nilisema Gede kwa sababu ni karibu na nyumbani na wakanicheka wote wawili.

Alafu kuna Mama. Mama hataki kabisa. Mwaka jana tulienda kulala nje mahali fulani (jina sitataja), tukafika Maghrib imeshaadhiniwa, giza, maji tuliambiwa yapo na hayakuwepo, choo kiko mbali kama kutoka kwangu hadi dukani. Mama huamka usiku, huamka kwenda choo na huamka kuswali, na hiyo usiku alitoka peke yake hakutaka kumsumbua mtu akajikwaa kwa mzizi akaanguka, goti likavimba wiki 2 nzima. Tangu siku hiyo ukitaja hema anyamaza tu. Na sasa akisikia ni msituni ndo kabisa, asema msitu una wenyewe. Shemeji asema basi Mama abaki nyumbani, na mimi Shangazi roho yangu haitaki, manake wajukuu wote wako pale na yeye abaki na nani? Juu ya hayo huyu wangu wa miaka 4 ana pumu.

Nisaidie. Tuchague wapi, na nimwambie nini Mama?

Mama Watatu, Maweni

*

Waalaykum salaam warahmatullah, marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara 2, na mara ya pili nilisimama pale pa goti la Mama nikakaa kimya kidogo. Nitakujibu yote lakini nataka nianzie hapo, manake jibu lako lote liko hapo na nyinyi mmelipita mkaenda kubishana juu ya mandhari.

Mume wako na shemeji yako wanachagua mahali pa mchana. Mwamba, jua kuzama, hori, samaki, hayo yote ni ya mchana. Mchana popote ni pazuri mwanangu, mchana hata ukikosea unaingia kwenye gari unaondoka. Kambi huchaguliwa kwa usiku, kwa saa 8 ya usiku, na huchaguliwa na yule atakayeamka hiyo saa 8. Kwenu anayeamka ni Mama, na wa pili ni huyo mdogo wa pumu. Basi hao 2 ndo wenye sauti, sio mwenye Land Cruiser. Mwambie shemeji hivyo hivyo kwa heshima, na mwambie mimi ndo nimesema.

Mimi nimekulia Dabaso, huo msitu tulikuwa tunaupita kama watu wanavyopita uchochoro wa nyuma ya nyumba, kwa hivyo nisikilize vizuri. Arabuko-Sokoke si kijisitu, ni kama kilomita za mraba 420, ndo kipande kikubwa kabisa kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki yote. Na sio wa aina moja. Upande wa huku mashariki wanapata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, ukienda kaskazini magharibi yashuka hadi kama 600, ndo maana ukiingia ndani waona msitu wabadilika mbele ya macho yako: mwanzo miti mchanganyiko na mbambakofi (ule mti wa milango ya zamani ya Lamu, na ndo maana umekatwa sana), alafu miti ya mirihi kwenye mchanga mweupe, hapo pako wazi pana mwanga na upepo, alafu ndo ule udongo mwekundu wa shemeji, vichaka vimeshikana, joto limetuama, hata upepo hauingii.

Sasa hapo kwa udongo mwekundu. Shemeji yako hajakosea kuhusu bundi, bundi wa Sokoke anakaa huko huko kwenye vichaka vya udongo mwekundu. Ni ndege wa sentimita 16 au 17 tu, mkono wako wamfunika, dunia imemjua mwaka 1965, na ukitoa huu msitu wetu na ule wa Dakatcha kaskazini ya Malindi hana kwengine isipokuwa milima ya Usambara kule Tanzania. Ni haki yake kutaka kumuona. Lakini kumuona sio lazima ulale naye! Mchana bundi amelala kwenye kichaka, hana habari, na wale vijana wanaotembeza watu msituni wanajua vichaka vyake, wanakupeleka polepole mpaka unasimama mita chache unamuangalia. Kwa hivyo huyo ni wa safari ya mchana. Asubuhi mapema mnapakia Land Cruiser na muongozaji, mnaenda kwa bundi, jioni mnapita Nyari mnaangalia msitu wote umelala chini yenu mpaka baharini, alafu mnarudi kulala kwengine. Watu wengi hawajui kutenganisha mahali pa kuona na mahali pa kulala, ndo wanaishia kulala mahali pabaya kwa sababu ya picha moja.

Na kulala huko ndani kuna mambo yake. Huo msitu una ndovu, wa kweli, na ndovu usiku ndo wanatembea kutafuta maji. Ukiona kidimbwi kimezungukwa na nyayo kama sinia za biriani na vinyesi vibichi, hapo ni barabara ya wenyewe hata pawe pazuri vipi. Tena udongo mwekundu ukinyeshewa hata manyunyu ya kusi (huu upepo wa kusini) washika tairi kama unga wa mahamri, na hiyo Probox yenu sitaki hata kuifikiria. Mtoto akibanwa kifua saa 8 usiku huko ndani, mko mbali na barabara, simu yawezekana haishiki, na dereva mmoja tu ndo ana gari la kutoka. Hapana mwanangu. Na hata hivyo msituni mtu hapigi hema anapojisikia, msitu ni wa hifadhi, wako watu wa Kenya Forest Service na wa KWS (wale wa wanyamapori), unaenda kituo cha Gede unajiandikisha unalipa ndo unaonyeshwa pa kukaa. Bei waulize wenyewe manake hubadilika, na simu iwe na chaji na pesa ndani, siku hizi malipo ya serikali ni kwa simu.

Mida kwa baba watoto. Sitaki kumvunja moyo, Mida naipenda, pale ni nyumbani. Kwa Mama pangefaa kama kuna choo na kibanda. Lakini hao watoto wanaambiwa wanaenda kulala msituni, na yule wa miaka 9 aliyeuliza ndani mna nini ukimpeleka ufukweni hujamjibu. Mida muweke siku ya mwisho, mkitoka msituni mnapita mnanunua samaki mnatembea kwenye mikoko maji yakiwa yametoka, alafu nyumbani.

Kwa hivyo mimi nakuunga mkono wewe, waliokucheka wasikucheke. Upande wa Gede, karibu na kituo. Ni kama kilomita 20 tu kutoka Malindi, lolote likitokea ndani ya nusu saa kitu hivi mtoto yuko hospitali. Kuna askari wa msitu karibu. Probox inafika. Malori ni kweli yapo, barabara ya Mombasa haikosi malori, lakini mkisogea kidogo ndani mwapata miti katikati yenu na barabara na sauti yafifia, na asubuhi kabla hakujapambazuka ndege wanaamka wote pamoja mpaka hata ukitaka kusikia lori hulisikii. Na yule mnyama kama panya mwenye pua ndefu na tako la rangi ya dhahabu, sengi, huyo mwatulia tu asubuhi kwenye njia ya watu wanapotembea kwa miguu mtasikia majani makavu yanachakura, mkinyamaza atapita. Nakuahidi huyo wa miaka 9 atakushika mkono.

Lakini usikubali Gede kwa maneno yangu. Jumapili moja kabla ya Agosti, panda matatu wewe na baba watoto, na umchukue Mama. Ndio, Mama. Mchana. Msimwambie anaenda kuona kambi tu, mwambieni ukweli kwamba mwataka yeye ndo achague. Alafu pale mfanye hivi: simameni mahali pa hema, Mama atembee mwenyewe mpaka chooni, na wewe uhesabu hatua. Angalia mizizi njiani. Fungua mlango wa choo, angalia kama kuna maji na kama mlango unafunga. Uliza bomba lina maji saa hii, na ulifungue, usiseme ahsante mpaka uyaone yakitoka, manake mwaka jana mliambiwa yapo. Hata yakitoka mimi ningebeba yangu. Watu 9 kwa kunywa na kupika tu hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, hiyo ni 45, siku 2 ni 90, na bado kutawadha, na bado mtoto kumwaga. Bebeni mitungi 6 ya lita 20. Mmoja wekeni kando ni wa Mama, wa udhu wake, na asiguse mtu. Hata ukibaki umejaa, Mama ataona kwamba kuna mtu alimfikiria.

Inua macho pia. Watu wanaangalia chini kama pako sawa hawaangalii juu. Agosti kusi bado linavuma na mti wenye tawi kavu hautoi taarifa. Kama juu ya hema kuna tawi lisilo na majani, sogea. Chini napo, mkipata mchanga mweupe ni raha kulala na maji hayatuami lakini vigingi vya hema havishiki, vyachomoka kama uma kwenye uji. Sisi tulikuwa tunajaza mchanga kwenye mifuko ya unga, tunafunga kamba katikati ya mfuko, tunaufukia. Hakuna upepo unaong'oa huo.

Na kabla jua halijazama, mtu mmoja azunguke mahema yote pole pole anaangalia ardhi. Hili nimelijua kwa machungu. Tulilala siku moja na binamu zangu, tulifika tumechelewa kama nyinyi, tukatandika mikeka mahali pamesafishika vizuri tukafurahi. Usiku mdogo wetu akaanza kulia, sio kulia kwa ndoto, kulia kwa kukata. Nikamulika tochi nikaona mstari mweusi mwembamba kama uzi wa kushonea unapita katikati ya mikeka, unapanda mguu wake mpaka gotini. Siafu. Tulikuwa tunawang'oa mmoja mmoja na ukimvuta mwili watoka kichwa chabaki kimeuma ngozi, na mtoto apiga kelele, na hatujui tumpeleke wapi manake giza. Ukiona mstari hata wa wadudu 20, hapo si pako, hamisha hema mapema na kungali na mwanga. Ndo maana nakuambia muwe mmefika saa 9 mchana, isizidi saa 10. Msitoke Malindi baada ya Alasiri, hata shemeji achelewe vipi kutoka Mombasa mtamtangulia.

Huyo wa pumu. Moshi ndo adui yake. Pikeni kwa meko ya gesi, huo mtungi mdogo wa kilo 6, mtakuwa hamjagusa kuni za msitu na kifua chake kitapumzika. Watoto watataka moto wa jioni, sawa, kama pale wanaruhusu, mdogo tu na kwa kuni mlizobeba. Kusi linatoka kusini kwa hivyo hema lenu liwe kusini na moto uwe kaskazini yake, moshi uende zake. Lakini ndani ya miti upepo hugeuka, basi washa kijiti kwanza uangalie moshi unaelekea wapi. Inhela isikae kwenye begi la nguo, iwe mfukoni mwako, na ulale nayo. Kabla ya safari mpeleke kwa daktari wake umwambie mnakwenda wapi. Na neti, kila hema, huku kwetu malaria haichukui likizo.

Vyakula vyote vilale ndani ya gari na vioo vimefungwa. Ndizi, maembe, muwa, hata mahamri ya asubuhi. Mchana nyani na tumbili, usiku wakubwa zao. Tunda ndani ya hema unamualika mgeni.

Sasa Mama. Mwanangu usimwambie kwamba hakuna kitu msituni, usimbishie. Anaposema msitu una wenyewe mimi namuelewa, wazee wetu hawakuingia bila kubisha hodi, na hiyo ni adabu. Mwambie Mama wewe ndo utatuombea dua tukifika, watoto wote waitikie amin. Alafu mwambie na lile goti. Sidhani Mama anaogopa msitu kama anavyoogopa kuanguka tena gizani peke yake na asitake kumuamsha mtu. Hilo ndo lililomnyamazisha mwaka mzima. Kwa hivyo hema lake liwe la kwanza karibu na njia ya choo, na alale na mjukuu wa miaka 11, na tochi ya kichwani apewe yake mwenyewe aizoee nyumbani kabla ya safari. Mjukuu aambiwe mbele ya Mama: Bibi akiamka na wewe waamka, hiyo ndo kazi yako kwenye safari hii. Mtoto wa miaka 11 akipewa kazi kama hiyo halali usingizi mzito, na Mama hatokuwa anasumbua mtu, atakuwa na mwenzake. Fungeni na kamba kutoka hemani mpaka chooni, kiuno juu, ashike akitembea.

Na mkiwa mmeenda hiyo Jumapili, mpitisheni magofu ya Gede hapo karibu. Akae kwenye ukuta wa ule msikiti mkuu apumzike. Mji huo watu waliuhama karne ya 17 na miti ikaota mpaka ndani ya nyumba. Mama wa miaka 71 wa Malindi hakosi hadithi za Gede alizozisikia kwa bibi yake, mwachieni azungumze, na watoto wake wanyamaze wasikilize. Akirudi nyumbani akawa yeye ndo anawaambia jirani kwamba tulienda kuangalia mahali, basi umeshapata jibu lako.

Kama baada ya kuona bado atakataa, msimlazimishe na msimwache. Mlale usiku mmoja badala ya mbili, na asubuhi ya pili mmoja wenu arudi na Probox amchukue Maweni mnywe chai naye msituni mchana kutwa. Ni kilomita 20.

Niandikie mkitoka. Nataka kujua hatua za choo zilikuwa ngapi.

Shangazi